Nguruwe ananivimbisha midomo, mbuzi hanifanyi kitu. Paka anaingiaje hapa?

MamaPaka_Roysambu (Ijumaa, saa 3:40 usiku)

Wadau, habari za jioni. Hili jambo nimelinyamazia hadi nimechoka. Nikila nyama ya nguruwe, sahani haijatolewa mezani midomo imeshaanza kuwasha, halafu shingoni yanatoka mabaka mekundu yaliyoinuka, na koo linabana. Ajabu ni kwamba si kila mara. Ile ya kukaangwa na vitunguu hadi ikakauka, mara nyingi inapita salama. Lakini ile ya kuchoma ambayo ndani bado ni nyekundu, au hemu ya moshi inayokatwa nyembamba na kuliwa baridi, hapo sikosi.

Juzi tulikuwa pahali fulani kando ya Kiambu Road na wenzangu wa kazini. Vipande vichache tu, dada mmoja akanitazama akaniuliza nimepaka nini usoni. Jicho moja lilikuwa limefumba.

Mbuzi nakula, ng'ombe nakula, kuku, samaki, mayai, vyote hakuna shida. Kliniki moja walinipa dawa ya minyoo. Nyingine wakasema ni viungo. Sasa mwenzangu ananiambia ati mzio wa nguruwe na mzio wa paka vina undugu. Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba nina paka wawili (panya wa ploti hii ni wengi kuliko wapangaji), na tangu niwe nao napiga chafya na macho yanawasha wakinilalia mapajani. Kuna mwenye kujua, au ni hadithi za WhatsApp?

Kachumbari_Kiasi (saa 3:46 usiku)

Taja hiyo joint haraka. Isije ikawa tulikula paka sisi wote na wewe peke yako ndiye mwili wako uliosema ukweli.

BuchaBoy_Wangige (saa 3:58 usiku)

Kachumbari, acha kutuharibia biashara. Nguruwe wetu wanapitia machinjio, wanakaguliwa, wanapigwa muhuri. Ukiingia bucha na huoni wino wa mkaguzi kwenye ngozi, geuka utoke.

Dada Roysambu pole. Lakini nikueleze kitu cha huku nyuma ya kaunta. Wateja wa Ijumaa hawangoji. Nguruwe wa kuchoma anataka moto wa pole na muda, mafuta yatoke kwanza. Mteja akishafungua chupa ya pili anaanza kupiga kelele "leta hivyo hivyo." Mchomaji anaongeza makaa, nje inashika rangi ya kupendeza, na ndani pale karibu na mfupa bado kuna maji mekundu. Ukiona yanatiririka kwenye ubao ikikatwa, irudishe. Hakuna atakayekasirika, na akikasirika ni shauri yake.

Mdau_wa_Arusha (saa 4:05 usiku)

Pole sana dada. Kitimoto kisipoiva kina tegu, hiyo inajulikana. Huko kwetu tunakitwanga hadi kinalia. Meza dawa, utasahau.

DawaAsili_254 (saa 4:11 usiku)

Damu yako imejaa sumu. Nina mchanganyiko wa mizizi unaosafisha damu na kuondoa aleji zote za nyama. Njoo inboksi.

Koti_Jeupe (saa 5:20 usiku)

Ndiyo kwanza nimetoka zamu, niandike kabla sijalala.

DawaAsili, mtu anayesema koo linabana hauziwi mizizi. Tafadhali.

Mdau wa Arusha, tegu ni tatizo la kweli na nguruwe aive, hapo tuko pamoja. Ila tegu havimbishi midomo mtu akiwa bado anatafuna. Wakati ndio wa kuutazama hapa.

Sasa dada. Mwenzako wa kazini hakukudanganya. Madaktari wa Ufaransa waliueleza ugonjwa huu mwaka 1994, na tangu hapo umeonekana Marekani na kwingineko. Ndani ya damu ya kila mnyama kuna protini iitwayo albumini. Ya paka haibaki kwenye damu tu. Inatoka na mate yake, na magamba ya ngozi yake, inakauka, inapeperuka, na wewe unaivuta puani mwaka baada ya mwaka. Kwa baadhi ya watu mwili unaikataa na kuitengenezea kingamwili za aina ya IgE, zile zinazoleta mzio. Shida ni kwamba albumini ya nguruwe imeshabihiana mno na ya paka. Ni sawa na askari wa geti aliyepewa picha ya mwizi: siku binamu ya mwizi akija kumtembelea shangazi yake, anakamatwa yeye. Mzio wako ulianzia puani, kwa paka. Nguruwe amejikuta ndani ya kesi.

Ndiyo maana wengi wanaopata hili ni watu wazima au vijana wakubwa waliokula nguruwe miaka na miaka bila neno. Kwanza uishi na paka, mwili uichukie albumini yake, halafu siku moja sahani uliyoizoea inakugeuka.

Lakini asitokee mtu hapa wa kumtupa paka wake usiku huu. Wengi wenye mzio wa paka wanakataa protini nyingine kabisa, Fel d 1, inayotoka kwenye mate na tezi za ngozi. Hiyo haina undugu wowote na nyama. Albumini ya paka inaitwa Fel d 2, na katika tafiti wenye kingamwili zake wametajwa kuwa kama asilimia 14 hadi 23 ya watu wenye mzio wa paka. Na kati yao si wote wanaodhurika wakila nguruwe.

Mambo mawili katika maelezo yako ndiyo yamenifanya niandike yote haya. La kwanza ni moto. Albumini haistahimili joto kali, inaharibika umbo lake. Nyama iliyokaangwa hadi ikauke inakuwa imebaki na kidogo. Ile mbichi katikati, au iliyokaushwa na kufukizwa moshi bila kupikwa vizuri, bado inayo. Ndiyo maana unaona kama mwili wako unabahatisha. La pili ni muda. Kwa ugonjwa huu dalili huja mapema, mara nyingi ndani ya saa moja, wengine ndani ya dakika chache.

Usijipime nyumbani kwa kula "kidogo tu tuone." Acha nguruwe wa aina zote mpaka upimwe. Na kama koo litabana tena, ukikosa pumzi, ukipatwa na kizunguzungu au kutapika mfululizo, usikae kungoja Piriton ifanye kazi. Kinachookoa ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, upesi. Vidonge vya mzio vinapunguza kuwasha, havifungui koo.

MamaPaka_Roysambu (saa 5:41 usiku)

Daktari asante sana. Nimesoma nikapiga mahesabu. Nguruwe nimekula tangu utotoni huko kwetu Nyeri, hakuna kitu. Paka nilianza kufuga nilipohamia hii nyumba. Haya mambo yalianza baadaye. Wueh.

Kachumbari_Kiasi (saa 5:44 usiku)

Kwa hivyo wale paka wamelala hapo kitandani wanajifanya hawasikii.

BintiPangani (Jumamosi, saa 1:15 asubuhi)

Assalam alaykum na habari za asubuhi. Nguruwe hainihusu, lakini uzi huu umenikosesha usingizi. Nina paka, napiga chafya kama huyo dada. Nyama ya ng'ombe na mbuzi ndiyo chakula chetu. Nami niogope?

Koti_Jeupe (saa 2:30 asubuhi)

Waalaykum salaam dada. Kama unakula na hupati kitu, endelea kula. Albumini ya ng'ombe ipo kwenye nyama na kwenye maziwa, na wachache sana wenye mzio wa albumini ya paka huguswa na nyama nyingine pia. Lakini anayeshabihiana sana na paka hapa ni nguruwe. Chafya peke yake si sababu ya kumkimbia mbuzi.

Mtoto_wa_Kajiado (saa 4:02 asubuhi)

Mimi yangu ni kinyume na haya yote, naomba mnisaidie. Nikienda nyumbani tunachinja, tunakula jioni na wazee, nalala vizuri. Saa nane usiku naamka viganja vinawasha. Kisha makwapa, kisha mwili wote mabaka, tumbo linasokota, nakimbilia choo gizani. Asubuhi hakuna kitu, naonekana mwongo. Inatokea kwa mbuzi, ng'ombe na kondoo. Kuku hapana. Nguruwe sijawahi kuonja. Sina paka, sina mbwa hapa mjini. Mama anasema kuna mtu ameniangalia vibaya. Mke wangu anasema nakula sana.

Nyama choma ya Kenyatta Market pia ilinifanya hivyo, kwa hivyo si nyama ya nyumbani tu.

Mdau_wa_Arusha (saa 4:10 asubuhi)

Mkuu mke wako ana hoja lakini.

Koti_Jeupe (saa 7:48 mchana)

Kajiado, swali moja kabla sijasema lolote. Ukiwa malishoni unaumwa na kupe? Na pale alipouma, panawasha muda gani?

Mtoto_wa_Kajiado (saa 7:55 mchana)

Kupe ni kawaida, wale wadogo kabisa wanapanda miguuni kwenye nyasi ndefu, unawaona kama vumbi linalotembea. Nawatoa kwa kucha. Zamani hata sikuwa nahisi. Siku hizi pale alipouma panavimba na panawasha wiki nzima na zaidi, najikuna hadi natoka damu.

Koti_Jeupe (saa 9:10 alasiri)

Basi wewe ni kesi tofauti na ya dada, ingawa nyote mnalalamikia nyama.

Kwenye nyama ya mamalia wengi kuna sukari inayoitwa alfa-gali. Binadamu hatuna, na nyani wa Afrika na Asia hawana. Kuku na samaki hawana. Kupe wa aina fulani akikuuma anaweza kuuamsha mwili utengeneze IgE dhidi ya sukari hiyo. Tangu siku hiyo ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe wote wanakuwa kesi moja. Na kwa sababu sukari hii imeshikamana na mafuta pia, ambayo tumbo linayashughulikia polepole, dalili zinachelewa saa mbili hadi sita. Unakula jioni, unaamka usiku wa manane. Ndiyo maana wengi wanakaa miaka bila kuunganisha chakula na mabaka.

Ilivyogunduliwa ni kisa kirefu, nitakifupisha. Marekani kulikuwa na dawa ya saratani, cetuximab, iliyokuwa ikiwaangusha wagonjwa kwa mzio mkali walipoichomwa mara ya kwanza kabisa, hasa kwenye majimbo ya kusini mashariki. Mwaka 2008 Thomas Platts-Mills wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa hao tayari walikuwa na IgE ya alfa-gali kabla ya dawa, na dawa yenyewe ilikuwa imebeba sukari hiyo. Swali likawa, wameipata wapi? Mwaka uliofuata wakaeleza watu wanaopata mzio wa nyama uliochelewa, na baadaye kidole kikaelekezwa kwa kupe. Platts-Mills mwenyewe alikuwa ametembea milimani akarudi na kupe wadogo tele miguuni, baadaye akala nyama ya kondoo akiwa Uingereza na kuamka usiku mabaka mwili mzima. Mtafiti akawa mgonjwa wa utafiti wake. Australia nako Sheryl van Nunen alikuwa ameshaona uhusiano huo huo na kupe wa kwao. Mwaka 2023 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilikadiria kwamba hadi watu 450,000 huko wanaweza kuwa wameguswa tangu 2010.

Afrika si mbali na haya. Vijijini Eastern Cape, Afrika Kusini, wamefanyiwa utafiti watu wengi wanaolalamikia nyama nyekundu, na majibu yakachapishwa 2018. Kwa hivyo ukienda kupimwa usikubali kuambiwa ni ugonjwa wa Wazungu.

Kwako mambo ya kuchunga ni haya. Figo zina sukari hii kwa wingi na huleta dalili haraka na kali kuliko mnofu. Mafuta mengi yanazidisha. Pombe, kazi ngumu au mbio baada ya kula, na dawa kama Brufen, vyote vinaweza kuifanya siku ya kawaida iwe mbaya. Na kila kupe mpya anarudisha moto kwenye makaa. Wapo ambao kingamwili zao zimeshuka baada ya miaka kadhaa bila kuumwa.

Mtoto_wa_Kajiado (saa 9:22 alasiri)

Figo ndizo napewa mimi kwanza nikifika, mbichi kabisa, zikiwa bado na joto la mnyama. Mzee ananikatia mwenyewe kwa kisu chake.

Kwa hivyo si jicho la mtu.

Kachumbari_Kiasi (saa 9:30 alasiri)

Na mutura je? Nauliza kwa niaba ya Nairobi nzima.

Koti_Jeupe (saa 9:37 alasiri)

Mutura ni utumbo uliojazwa damu na nyama na mafuta. Kwa Kajiado ni mtihani mkubwa. Kwa dada Roysambu, wa mbuzi au ng'ombe huenda hana shida naye kwa sababu hizo nyama anakula salama, ila aulize ndani kumewekwa nini. Kwa wewe, Kachumbari, tatizo ni yule jamaa anayekata kwa kisu ambacho hakijaona sabuni tangu asubuhi.

MamaPaka_Roysambu (saa 10:05 alasiri)

Basi niulize kuhusu smoki pasua, zile soseji za mkokoteni. Pale stejini nachukua karibu kila jioni, na siku nyingine mdomo unawasha kidogo, nikidhani ni pilipili.

BuchaBoy_Wangige (saa 10:31 alasiri)

Hapo ningoje mimi nijibu. Smoki kuna za ng'ombe na kuna za nguruwe, inategemea kiwanda na pakiti. Yule jamaa wa mkokoteni akishazitumbukiza kwenye maji moto, pakiti imeenda kwa pipa, na ukimuuliza atakwambia ni za ng'ombe kwa sababu hajui na anataka uende. Mwambie akuonyeshe pakiti. Kama hana, lala na yai.

Na kitu kingine ambacho watu hawafikirii. Mabucha madogo mengi yana gogo moja. Panga ni moja. Ndoo ya maji ni moja, na kitambaa ni kile kile. Nikikata mbavu za nguruwe halafu aje mteja wa ng'ombe, nitafuta gogo kwa kile kitambaa na kuendelea. Mimi nina magogo mawili kwa sababu wateja Waislamu wa mtaa waliniambia hawataingia vinginevyo, na niliona wana haki. Hata hivyo bado wengi wanapendelea kwenda bucha isiyouza nguruwe kabisa. Dada, nawe fanya hivyo. Nunua kwa bucha ya halali na shida ya gogo inakwisha.

BintiPangani (saa 10:40 alasiri)

Karibu Pangani dada 😂 tutakuonyesha bucha.

KukuKienyeji_Kikuyu (saa 1:12 usiku)

Nimefuata uzi kimya lakini sasa niseme. Nafuga kuku, mamia. Nikifagia banda kifua kinabana na mafua yanachuruzika. Halafu yai la kukaanga ambalo kiini bado ni maji linanifanya ulimi uwashe. Lakini mayai boilo ya barabarani na kachumbari nakula bila wasiwasi. Nimekuwa nikiambiwa mtu hawezi kuwa na mzio wa yai la maji na asiwe na mzio wa yai gumu.

Koti_Jeupe (saa 1:50 usiku)

Anaweza. Ni ukoo ule ule wa albumini, safari hii ya ndege. Iko kwenye manyoya na vumbi la banda, na iko kwenye kiini cha yai. Unaivuta kwanza, kisha inakushtaki mezani. Inaonekana pia kwa wanaofuga kasuku na ndege wengine ndani ya nyumba. Joto linaipunguza nguvu, ndiyo maana boilo linapita. Mzio wa mayai wa watoto wadogo kwa kawaida ni wa ute mweupe, hiyo ni hadithi nyingine. Vaa barakoa ukifagia, na usile kuku aliyeiva nusu.

Mpima_Maabara (Jumapili, saa 3:05 asubuhi)

Ruhusa niingie, niko maabara. Koti Jeupe ameeleza vizuri lakini kuna mtego ambao nauona kazini.

Mtu akisoma uzi huu kesho atakimbia kupimwa "mzio wa paka," ukirudi chanya atasema basi ni paka. Ngoja. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti kuhusu wagonjwa wa Zimbabwe wenye minyoo na vimelea. Damu zao zilionyesha IgE ya paka, lakini paka hawakuwa shida yao. Kilichokuwa kikishikwa na kipimo ni ile ile alfa-gali, kwa sababu kingamwili ya paka aina ya IgA, iitwayo Fel d 5, nayo imebeba sukari hiyo. Kwa hivyo kijana wa malishoni asiyefuga paka kabisa anaweza kurudi na karatasi inayosema ana mzio wa paka. Kajiado, usishangae ikikutokea.

Ndiyo maana ukija usiseme tu "nipime aleji." Sema unataka IgE ya nguruwe, ya albumini ya paka, na ya alfa-gali, kila moja peke yake. Hiyo ya albumini si kila maabara hapa inayo, nyingine husafirisha damu nje na majibu huchelewa. Daktari wa mzio anaweza pia kukudunga kidogo ngozini kwa nyama yenyewe mbichi, na ni rahisi zaidi. Hiyo ifanyike kliniki yenye adrenalini karibu, si kwa binamu yako mwuguzi sebuleni.

Na wale wanaouza kifurushi cha vyakula mia na zaidi, kipimo cha IgG, kingamwili ya aina nyingine, ati uvumilivu wa vyakula. IgG inaonyesha umekula kitu, basi. Nimeona mtu amekatazwa ngano, maziwa, ndizi, nyanya na maharagwe kwa karatasi moja. Akakonda, na kuwasha hakukuisha. Pesa hiyo kaa nayo.

MamaPaka_Roysambu (saa 3:30 asubuhi)

Hicho kipimo cha vyakula mia walitaka kuniuzia 🙈 na bei yake ni kodi ya nyumba.

Swali la mwisho na naombeni msicheke. Nikiwatoa paka, nitarudi kula nguruwe?

Kachumbari_Kiasi (saa 3:33 asubuhi)

Paka akiondoka, panya hutawala. Wewe chagua, nguruwe au usingizi.

Koti_Jeupe (saa 12:20 jioni)

Usiwe na haraka ya kumla. Hata paka akiondoka leo, masalia yake yanabaki kwenye kochi, godoro na pazia kwa miezi, na kingamwili hazishuki kwa sababu umefagia. Wapo ambao viwango vimeshuka baada ya kukaa mbali na paka kwa muda mrefu, lakini hilo linaamuliwa kwa vipimo na daktari, si kwa hamu ya mbavu. Kama unawapenda paka wako, waondoe chumba cha kulala, usiwalaze kitandani, osha mikono ukiwashika, na kochi lifunikwe shuka unayoweza kufua. Hiyo itasaidia chafya. Nguruwe mwache.

MamaPaka_Roysambu (wiki kadhaa baadaye, Jumanne, saa 2:15 usiku)

Wadau nimerudi na majibu, kwa wale waliouliza inboksi. Nguruwe chanya. Albumini ya paka chanya, na iko juu. Alfa-gali hakuna. Ng'ombe iko chini sana na daktari amesema kwa kuwa nakula bila shida, niendelee. Walinidunga ngozini na nyama ya nguruwe mbichi, pakavimba kama nimeumwa na nyuki kabla nesi hajamaliza kuandika jina langu. Nesi akaita wenzake waje waone.

Kalamu ya adrenalini, ile sindano iliyojazwa dawa tayari, sikuipata kwenye maduka ya dawa niliyouliza. Daktari amenipa chupa ndogo na sindano, akanifundisha kuvuta kipimo na kuchoma pajani, na mume wangu naye akafundishwa kwa sababu mimi nikianza kuvimba jicho sitaona alama kwenye bomba. Tunaiweka kwa kabati kavu isiyopigwa na jua. Ofisini nimewaambia pia.

Paka bado wapo. Kitandani hawapandi tena, na wananitazama kama mwenye nyumba aliyepandisha kodi.

Koti_Jeupe (saa 2:40 usiku)

Safi sana. Angalia tarehe ya mwisho ya hiyo dawa na uiandike kwa simu. Ukishaichoma bado unaenda hospitali, usiridhike kwa kuwa umepata nafuu, dalili zinaweza kurudi baada ya saa chache. Na ukienda mkahawa usiseme "sipendi nguruwe," watakupa supu iliyochanganywa. Sema ukila unaanguka.

Kajiado, wewe ulipima?

Mtoto_wa_Kajiado (saa 3:02 usiku)

Nilipima. Alfa-gali iko juu sana, na paka wa mtu asiye na paka naye akatokea kwenye karatasi kama alivyosema Maabara. Nimekaa bila nyama nyekundu na usiku nalala. Suruali naingiza ndani ya soksi nikienda malishoni, wachungaji wananicheka.

Shida ni Desemba. Ndugu yangu anaoa. Daktari amesema kuku na samaki. Kwa wazee wetu, kuku na samaki si chakula cha mwanaume, samaki wanamwita nyoka wa maji. Nikikaa pale na paja la kuku wakati figo zinazunguka, mzee atauliza kama nimeokoka ama nimefilisika.

BuchaBoy_Wangige (saa 3:10 usiku)

Mwambie mzee akuite uwe mkataji wa nyama siku hiyo. Mkataji hakuna anayemuuliza kama amekula.